Maharagi Yenye Alama ya Makaa

Kilima chenyewe sitakitaja. Vilima vya Masisi, huku mashariki ya Kongo, ni vingi, msomaji achague anachotaka. Hapa kwetu ukimwambia mtu kwamba chini ya ardhi fulani kuna kitu, hata ukiapa kwamba kitu hicho kinaua, kesho yake utamkuta hapo na sururu. Kwa hiyo nitasema tu kwamba ni upande wa Nyamitaba, na hata hilo huenda nadanganya. Nimekwisha kuwa hodari wa kudanganya, kama mtakavyoona.

Mimi ni Verdiane, muuguzi wa centre de santé, kituo chetu cha afya. Mtu ninayetaka kusimulia habari zake ni Damien Nsengimana, mwalimu wangu wa fizikia, tuliyemwita Prof. Watu wa kilima chetu wanamwita mchawi, na siku hizi wakisema hivyo wananitaja mimi kuwa shahidi.

Damien alifundisha miaka kumi na tisa katika shule ambayo haikuwa na maabara, wala umeme, wala kioo hata kimoja dirishani. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kijivu, na sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Kila mwaka, maharagi mapya yakishavunwa, alituambia sisi wa darasa la sita la sekondari: kesho kila mtu alete kiganja kimoja cha maharagi na kipande cha mkaa. Wazazi walikuwa wanalijua somo lile. Mama yangu alinichagulia maharagi makubwa, kwa sababu alijua mwisho wake tungeyala.

Tuliketi chini tukatia kila punje alama nyeusi upande mmoja. Tukahesabu punje mia nne, tukazitia kwenye ndoo, tukatikisa na kuzimwaga juu ya mkeka. Zile zilizoanguka alama ikitazama juu tuliziondoa. Zilibaki mia moja tisini na saba. Tukazirudisha, tukatikisa, tukamwaga: mia moja na mbili. Tena: arobaini na tisa.

"Nani ataniambia ni punje gani itatoka mara hii?" Prof aliuliza.

Hakuna aliyejua. Akachukua punje moja, akaizungusha kati ya vidole vyake. Alisema kwamba ndani ya kila kitu kuna atomu, na ndani ya kila atomu kuna kiini, na kwamba viini vingine havikutulia tangu kuumbwa kwavyo. Siku moja kiini cha namna hiyo kinabadilika chenyewe, bila kuguswa na mtu, na kikibadilika kinarusha kitu nje. Hicho kinachorushwa ndiyo mionzi. Kiini kimoja huwezi kujua kitabadilika lini. Lakini vikiwa vingi, unajua bila kukosea kwamba baada ya muda fulani nusu yake itakuwa imekwisha badilika, na baada ya muda uleule tena, nusu ya ile nusu. Muda huo unaitwa demi-vie. Kwa vitu vingine ni dakika chache, kwa vingine ni miaka elfu nyingi, na hakuna moto wala maombi yanayoweza kuuharakisha.

Kisha akatuonyesha mpasuko. Alimrushia mwenzetu punje moja. Sharti lilikuwa kwamba anayepigwa na moja arushe mbili, kwa watu wawili tofauti. Kufumba na kufumbua maharagi yalikuwa yanaruka darasa zima, watu wamejificha chini ya madawati, na préfet, mkuu wa shule, amesimama mlangoni akiuliza kama tumerukwa na akili. Prof akamwambia kwa utulivu kwamba hii ni uranium inapasuka. Kiini kikubwa kinapigwa, kinagawanyika, kinatoa vipande vidogo vinavyokwenda kupiga viini vingine. Ukiwaruhusu watu kurusha mmoja mmoja kwa zamu, unapata umeme. Ukiwaacha wote warushe pamoja, unapata bomu.

"Na ile uranium ya bomu ya kwanza ilitokea kwetu, kule Katanga," alisema. "Batu baliichimba na kuibeba. Hakuna mwenye aliwaambia banabeba nini."

Hapo tulicheka, sijui kwa nini. Tulikuwa watoto.

Mwisho tuliyaokota maharagi, tukayaosha, tukayapika katika sufuria kubwa ya shule. Yalipokaribia kuiva Prof alimimina mawese kidogo na kutuita tutazame. Matone mawili ya mafuta yalikuwa yakielea juu ya mchuzi, yakasogeleana, yakawa moja. Jua linafanya hivyo kwa hidrojeni, alisema, lakini viini havipendi kukaribiana, vinahitaji joto la kutisha ndipo vikubali. Vikishaungana uzito kidogo unapotea, na ule uliopotea ndio joto linaloivisha maharagi shambani. Baada ya hapo tulikula wote kwenye sufuria moja, yeye pia.

Nimesimulia somo hili kirefu kwa sababu kila mtu wa rika langu kilimani pale alilipitia, isipokuwa mmoja. Rukundo, mdogo wake Damien, aliacha shule darasa la pili akaenda kwenye mashimo ya madini ya koltani. Alikuwa kijana mcheshi, mkarimu, asiyeweza kukaa na faranga wala siri. Mama yao, Mama Dancille, alimpenda waziwazi kuliko mkubwa, na hakuna aliyemlaumu. Rukundo alikuwa anamchekesha. Damien alikuwa anamsahihisha.

Sasa lazima mjue jambo moja la mashimoni, bila hilo hamtaelewa kitu. Ndani ya koltani huwa kuna uranium na thorium kidogo, ni kweli kabisa. Wanunuzi, wale tunaowaita négociants, wanalijua hilo. Mchimbaji akileta mfuko wake, mnunuzi anatoa kimashini chake, kinalia, naye anakunja uso na kusema mawe haya yana radio nyingi, yaani mionzi. Bei inashuka palepale. Wachimbaji wamekwisha kugundua kwamba mfuko uleule unalia Jumatatu na kunyamaza Alhamisi, kutegemea ni nani anayenunua. Basi neno hilo, masikioni mwa kijana wa shimo, maana yake ni moja tu: huyu anakitaka kitu changu na hataki kukilipia.

Jumapili moja, sasa ni miaka minane, Rukundo alirudi kutoka Walikale. Baada ya misa alikwenda nyumbani kwa Damien, akafunga mlango, akatoa mfukoni kichuma kinachong'aa, kisichozidi sana punje ya haragi kwa ukubwa. Alikuwa amekwenda na wenzake kwenye mtambo wa zamani wa kuosha mawe, ulioachwa porini na kampuni ambayo hata jina lake limekwisha futika kwenye mabati. Juu ya bomba moja walikuta kitu kama chungu, kizito mno, cha madini ya risasi tupu. Walikivunja, wakaiyeyusha risasi yake, wakaipeleka Bweremana kwa wavuvi wanaoifanya vizito vya nyavu. Katikati ya ile risasi ndimo alimokuta hiki kichuma. Wenzake hawakukiona.

"Kitu yenye banafungia ndani ya risasi kilo makumi tatu, Kaka, haiwezi kuwa bure," alisema Rukundo.

"Haikukuwa na alama?"

"Ilikuwa na kibati ya njano. Mapanga tatu meusi ya kuzunguka. Alama ya kampuni."

Damien alisimama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Miaka kumi na tisa alikuwa ameichora alama ile ya mionzi ubaoni kwa chaki.

"Weka chini. Toka karibu yake. Rukundo, hiyo iko na radioactivité. Itakuua."

Rukundo alicheka mpaka akakaa. "Kaka, hata wewe? Hata wewe unasema sawa ba négociants?"

Damien alieleza. Alieleza viini, alieleza mionzi, alieleza kwamba kitu kama hicho huwekwa kwenye bomba ili kupima uzito wa matope yanayopita, na kwamba risasi ile nzito haikuwekwa kukilinda kichuma na wezi bali kuwalinda watu na kichuma. Kadiri alivyoeleza ndivyo Rukundo alivyozidi kutabasamu. Ndipo Damien, kwa kukata tamaa, akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mali yake pekee yenye maana duniani. Akasema: "Nipatie hiyo kitu, utwae ng'ombe yangu. Leo hii."

Tabasamu lilimtoka Rukundo. Mwalimu anayekaa miezi bila mshahara alikuwa anatoa ng'ombe wake kwa kichuma ambacho dakika moja kabla alisema ni sumu. Rukundo aliinama, akakiokota, akakitia mfuko wa suruali, akasema ataenda kufikiri.

Nimemuuliza Damien mara nyingi kwa nini hakumkaba akamnyang'anya. Anasema alikuwa anatafuta maneno mazuri zaidi. Huo ndio ugonjwa wa watu waliosoma, nami ninao.

Siku sita Rukundo alikaa na kitu kile mfukoni. Hakukitoa hata alipolala, kwa sababu aliogopa kaka yake angekuja kukiiba. Kila asubuhi Damien alikwenda kumsihi, na kila asubuhi thamani ya kichuma ilipanda. Siku ya tatu Rukundo alianza kutapika. Siku ya tano alikuja kwangu. Mimi, niliyekuwa nimehesabu maharagi kwa mikono yangu hii, niliyepata alama themanini na tano katika fizikia, nilimpa dawa za malaria. Kila anayetapika kwetu ana malaria. Nilimwambia anywe maji mengi.

Siku ya saba aliletwa kwenye machela. Pajani, chini ya mfuko, ngozi ilikuwa nyekundu, sehemu yenye upana wa kiganja. Kesho yake ikawa lengelenge, kisha ikaanza kuwa nyeusi.

"Uliungua na nini?" nilimuuliza.

"Hakuna moto, dada. Iliungua peke yake."

Damien aliingia, akalitazama paja lile, akaketi kwenye kitanda cha jirani bila kuomba ruhusa. Hakulia. Aliniambia kwa sauti yake ile ya chini kitu gani kilikuwa mfukoni. Rukundo alikuwa amekificha tayari, na hakutaka kusema wapi. Kwake ilikuwa bado ni biashara.

Siku ya kumi na moja nywele zilimtoka. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na mapigano, na hata ingekuwa wazi, sidhani kama angepona. Asubuhi hiyo alimwita kaka yake, akamwambia: "Kaka, sasa niko tayari. Lete ng'ombe."

Damien alikwenda kumleta. Akamfunga uani mwa centre de santé, kwenye mti ulio mbele ya dirisha, ili mgonjwa amwone. Rukundo alimtazama yule ng'ombe vizuri, kwato na chuchu, kama mtu anayenunua kweli. Kisha akasema: kile kitu kiko ndani ya mwanzi wa paa, kwenye banda la mbuzi la Mama. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Damien alikifuata na koleo la mhunzi alilolifungia kwenye mti mrefu. Alikuwa ametufundisha kinga tatu: kuwa mbali, kufanya haraka, kuweka kizuizi kinene katikati. Alifanya zote tatu kwa mara yake ya kwanza. Alikidondosha ndani ya kipande cha bomba la chuma, akakizungushia risasi iliyokuwa imebaki kwa Rukundo, akamimina saruji. Akaufukia mzigo ule nyuma ya shule, na akaandika barua kwa wakubwa, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kifaransa safi, akiomba waje wataalamu.

Wataalamu hawakuja. Baada ya siku tisa ilikuja jeep yenye bwana mmoja wa ofisi, ambaye sitamtaja, pamoja na mgeni mwenye miwani myeusi. Bwana wa ofisi alikuwa na ile barua mkononi, imepigwa muhuri. Mgeni aliuliza maswali mawili tu: kitu kiko wapi, na Prof anataka ngapi. Damien akasema alikuwa ameshakitupa mtoni. Aliniambia kwamba jeep ilipoondoka alitazama nyuma ya shule, akaona wanafunzi wawili wamesimama mahali alipofukia, wanapachokoa kwa mguu. Walikuwa wamemwona akikaa hapo kila mapumziko. Mtu akilinda mahali kwetu, amekwisha kuandika kwa herufi kubwa kwamba hapo pana mali.

Rukundo alikufa siku mbili baadaye, na Damien akajua la kufanya. Vilima vyetu vimetobolewa kote. Tumechimba chini ya mashamba, chini ya njia, chini ya nyumba tunazolalia. Lakini sijawahi kusikia mtu wa kwetu aliyefukua kaburi.

Wachimba kaburi walipofika mita mbili, Damien aliwaambia waende wakanywe, yeye atamalizia kwa mkono wake, maana ni mdogo wake. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, watu wote wako kwenye maombi nyumbani kwa Mama Dancille. Yeye alikuwa ameufukua usiku ule mzigo wa nyuma ya shule na kuuleta; mimi nilibeba saruji. Alichimba mita moja na nusu zaidi. Nilimwambia inatosha, hesabu yake mwenyewe ilikuwa inasema inatosha. Akajibu kutoka chini shimoni:

"Mama atakuja kukaa hapa kila Yenga. Unamujua. Atakaa masaa mingi."

Yenga ni Jumapili. Basi ile mita moja na nusu ilikuwa ya mama yake.

Nilipokwenda mtoni kuongeza maji ya saruji, Mama Dancille alitoka kwenye maombi akapita njiani. Alimwona mwanawe mkubwa anapanda kutoka kaburi la mwanawe mdogo, na ndoo mkononi, matope hadi usoni.

"Damien, umeweka nini mule ndani?"

"Hakuna kitu, Mama."

Mtu yule hakujua kudanganya. Hata mimi, niliyesikia habari hiyo kwa mdomo wake, niliona jinsi alivyoisema vibaya.

Mengine kilima kilijaza chenyewe. Ndugu wawili waligombana juu ya kitu. Mkubwa alitoa hata ng'ombe ili akipate. Mdogo akaugua ugonjwa ambao muuguzi hakuujua, paja likaungua bila moto. Kisha mkubwa akaonekana anaweka kitu chini ya kaburi. Ukiambiwa hivyo, wewe mwenyewe ungesema nini?

Baraza la ukoo liliketi, na msemaji alikuwa Byukusenge, mdogo wa marehemu baba yao. Aliuliza mara tatu ni nini kilichowekwa. Damien alikuwa na majibu mawili tu. Akisema ukweli, kabla ya wiki kwisha kaburi lingekuwa wazi na kichuma kingekuwa mfukoni mwa Rukundo mwingine. Akinyamaza, yeye ni mchawi. Alinyamaza. Nilikuwepo, nimekaa na wanawake karibu na mlango. Aliponitazama niliinamisha kichwa, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana hivyo, na pia kwa sababu niliogopa. Mama Dancille alisema: "Usirudie kuniita Mama." Hakupandisha sauti.

Damien na mkewe Vestine waliondoka juma lile kwa miguu kwenda Itebero, ndani ya msitu wa Walikale. Kulikuwa na shule iliyokosa mwalimu wa sayansi, na watu wasiomjua. Ng'ombe alimwachia mama yake. Mama Dancille akamuuza bila kunywa maziwa yake hata siku moja.

Na kweli, kila Jumapili baada ya misa Mama Dancille alikaa juu ya lile kaburi hadi jua lishuke. Alikuwa akimsimulia Rukundo habari za juma. Mimi nikipita nilimsalimu, naye aliitikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemuuguza mwanawe. Nilijua yuko salama pale kuliko mahali pengine popote, na nilijua ni nani aliyemfanyia usalama huo. Mara nyingi nilifungua mdomo. Lakini Mama Dancille asingeweza kukaa na neno kama hilo. Angemwambia mmoja tu, mtu wa kuaminika, na huyo naye mmoja.

Vita vilipita, vikarudi, tukakimbia, tukarudi. Mwaka jana Mama Dancille aliugua tumbo na hakuinuka tena. Siku ya mwisho alimshika Byukusenge mkono, akamwagiza mbele ya wote: wafungue kaburi la Rukundo, waondoe uchafu ambao Damien aliweka chini yake, wapaombee pawe safi, kisha wamlaze yeye hapo na mtoto wake. Hakuna mtu kwetu anayekataa neno la anayekufa. Kaburi ambalo hakuna mtu angelifukua lilikuwa sasa linafukuliwa kwa sala.

Nilipata habari nikiwa kazini. Nilipofika juu kulikuwa na wanaume sita wenye majembe na sururu, kikundi cha waombaji kinaimba, na Byukusenge ameshavua koti. Simu ya Damien haikuwa inapatikana. Itebero mtandao unakuja kama unapenda. Nilitazama zile sururu. Nilijua wangefika kwenye saruji, na saruji ingewahakikishia kwamba ni mali. Wangeivunja kwa furaha.

Ningeweza kusema ukweli. Niliufikiria, sikatai. Lakini nilikumbuka Rukundo akicheka mpaka akakaa. Hakuna maneno ya hatari ambayo watu wale hawajawahi kuuziwa.

"Baba Byukusenge," nilisema, "ile kitu haiko mule."

Byukusenge aliinua mkono kuzuia nyimbo.

"Unajua je?"

"Nilimuona. Mwezi kisha maziko, Damien alirudia. Alichimba kwa pembeni, akaitoa. Ilifungiwa ndani ya kitambaa nyekundu. Iko nayo kule Itebero mupaka leo."

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Juu ya nini haukusema miaka hii yote?"

"Niliogopa."

Katika maneno yote niliyosema siku ile, hilo moja lilikuwa kweli. Byukusenge alinitazama kwa huruma. Mimi ni muuguzi, nimewazalisha wake zao, sijawahi kushikwa na uongo. Mwanaume mmoja akatema mate kuelekea magharibi, upande wa Itebero. Wakavaa mashati yao. Walimchimbia Mama Dancille kaburi lake pembeni, mita mbili kwenda chini kama kawaida, wakaimba, wakamzika. Usiku huohuo Byukusenge alikuwa ameshapata namba ya simu ya mtu wa Itebero, akampasha habari.

Damien alinipigia siku ya nne. Hakuanza na salamu.

"Verdiane, hawakuchimba?"

"Hawakuchimba, Prof."

"Mama analala wapi?"

"Pembeni ya Rukundo. Kama mita moja hivi katikati yabo."

Nilimsikia ananong'ona namba, anapiga hesabu. "Ni sawa," akasema. "Haina shida kwake." Halafu sauti yake ikakatika, na haikuwa mtandao.

Nikamweleza nilichosema ili wasichimbe. Sikupunguza kitu, hata kile kitambaa chekundu. Nilitaka anitukane. Alisema: "Ulifanya vizuri," kama vile alivyokuwa akisema nikipata hesabu ubaoni, nami nikachukia kwamba ilinifurahisha.

Kitu kilicho chini ya Rukundo ni césium, Damien anaamini hivyo, kwa kuwa ndiyo inayowekwa zaidi kwenye mitambo ya namna ile. Demi-vie yake ni miaka thelathini. Mitikiso ya ndoo saba au minane inatakiwa kabla kichuma hakijaacha kuwa hatari kwa mtu wa kukitia mfukoni, na sisi hata mmoja hatujaumaliza. Imepita miaka minane. Damien ana hamsini na sita, mimi arobaini na mbili. Ndiyo sababu ninaandika haya bila kutaja kilima: ili baadaye, mtu akikuta saruji chini ya kaburi na akiwa amewahi kusoma haya, asimame kidogo kabla ya kuinua sururu.

Mwezi wa pili mwaka huu maharagi yalivunwa Itebero, na Damien akaagiza darasa la sita walete kila mtu kiganja kimoja. Wengi walikuja mikono mitupu. Akatoa ya kwake. Walitia alama, wakatikisa, wakahesabu, na nusu ilitoka kama inavyotoka siku zote. Aliyapika, akatia mawese, akawaita watazame matone yakiungana. Walitazama kutoka mlangoni. Yalipoiva akapakua, na hakuna aliyesogea, kwa sababu wazazi walikuwa wamewaambia wasile chakula cha mikono yake.

Nilimuuliza alifanya nini na sufuria nzima. Akasema yeye na Vestine waliyala siku tatu, na kwamba yalikuwa yameiva vizuri.